Mtoki Usio na Kidonda

Liwa ikisagwa na karafuu, ikachanganywa na maji ya waridi, wanawake wengi wa kwetu husikia harufu ya harusi. Mimi mkono wangu hupanda shingoni. Hupanda wenyewe, bila kuniomba ruhusa, vidole vikaanza kutafuta chini ya taya, nyuma ya sikio, kisha vikashuka mpaka juu ya mfupa wa mtulinga na kutulia hapo kana kwamba vinasikiliza. Mwezi uliopita nilisimama kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza singo hapa Tanga. Akanifungulia kopo ninuse, na kabla sijafungua mdomo akaniuliza kama naumwa shingo. Nikacheka, nikamwambia hapana, nipo salama. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani sikutulia, na usoni lazima ilionekana, maana hata mwanangu aliniuliza nimeona nini. Kwa hiyo acheni niwasimulie ninyi, huenda nikitoa yote kwa mpangilio nikapumzika.

Nilikuwa na miaka kama tisa. Tulikaa Makorora, nyumba ya vyumba vinne na ua nyuma, nyumba ya wanawake watupu, kwa sababu Baba alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la mkonge huko Korogwe na tulimwona kwa nadra. Alikuwapo Bibi, mama yake Mama, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Alikuwapo Mama, aliyepika vitumbua alfajiri na kuviuza mpaka jua likichomoza vizuri. Na alikuwapo Mamdogo Rukia, mdogo wake Mama wa mwisho, ambaye nililala naye kitanda kimoja tangu nilipoachishwa ziwa. Mamdogo alikuwa mwembamba, mcheshi, ana sauti ya kuimba hata anapoomba chumvi. Alikuwa amechumbiwa na Shaabani, kijana wa Pangani aliyefanya kazi kwenye pantoni, akivusha watu na magari mto ule. Siku ya harusi ilikwishapangwa.

Lakini nianze na mtoki wangu mimi, maana huo ndio ulionifundisha, na ukanifundisha nusu.

Nilikanyaga kipande cha kifuu uani nikikimbizana na kuku. Kikazama kwenye unyayo. Bibi alikitoa kwa ncha ya sindano, akaosha kidonda kwa maji ya chumvi nikapiga kelele mtaa mzima ukajua. Baada ya siku chache nikaamka siwezi kunyoosha paja. Kwenye kinena kulikuwa na kitu kama kokwa ya zambarau, kinauma nikikigusa, kinauma zaidi nikitembea. Nilidhani nakufa. Bibi alinilaza kwenye mkeka, akapasha chumvi kikaangoni, akaifunga kwenye kitambaa, akawa ananikanda taratibu huku akinitania, maana mimi aliniita mke mwenzake.

"Huu mtoki," akaniambia. "Mguu una kidonda, mtoki umekuja kukitazama. Kidonda kikipona nao utaondoka. Mtoki hauji bila kidonda, mke mwenzangu."

Ikawa kweli. Kidonda kilikauka, mtoki ukanywea, nikarudi kwa kuku wangu. Na mimi nikabaki na elimu yangu mpya, nimeishika kama mtoto anavyoshika kitu alichopewa na mtu mzima anayempenda. Palipo na mtoki, pana kidonda. Nikaanza hata kuwatibu watoto wenzangu mtaani kwa elimu hiyo, na mara nyingi nilipatia. Mmoja alikuwa na uvimbe nyuma ya sikio, nikapekua nywele zake nikakuta vidonda vya mapunye. Mwingine alikuwa na vivimbe viwili chini ya taya, nikamwamuru apanue mdomo, jino la nyuma likawa limetoboka na kunuka. Nilijiona daktari.

Ndipo nikamwona Mamdogo.

Alikuwa anachana nywele mbele ya kioo kidogo kilichotundikwa dirishani, asubuhi, ushungi umemshuka mabegani. Upande wa kushoto wa shingo yake, kuanzia chini ya taya kushuka, kulikuwa na vitu vitatu vimepangana. Havikuwa vikubwa. Cha chini kilikuwa kama yai la njiwa. Nikapanda kitandani nikakigusa kabla hajanizuia. Kilikuwa kigumu, na cha katikati kilikuwa kimeshikana na cha juu, kana kwamba mtu amevigundisha kwa gundi.

"Kinauma?" nikamuuliza.

Akasema hakiumi hata kidogo. Akavuta ushungi wake juu, akanitazama kwenye kioo, si usoni moja kwa moja, akaniambia kwamba ni mtoki tu na nisimsumbue Bibi nao, Bibi ana mambo mengi ya harusi.

Mimi nikamwuliza swali ambalo nililiona dogo. Kidonda kiko wapi?

Alianza kuimba.

Kuanzia siku hiyo sikuwa na raha. Wenzangu, mtoto akishaamini kanuni moja, kitu kinachoivunja humtesa kama jiwe ndani ya kiatu. Nilianza kukitafuta kidonda cha Mamdogo. Alipolala mchana nilimfungua mdomo taratibu nikachungulia meno, akaniuma kidole kwa kushtuka. Alipotaka kusukwa nilijitolea kumsuka mimi, ingawa nilijua kusuka mtindo mmoja tu, ili nipate kuchambua ngozi ya kichwa chake njia kwa njia. Ilikuwa safi. Nilichungulia masikio, kwapa, mpaka katikati ya vidole vya miguu. Mwanzoni alicheka, akaniita polisi. Baadaye akawa ananisukuma.

Na nilipokuwa natafuta kidonda nikaona mambo mengine ambayo sikuyaelewa. Kila asubuhi upande wake wa kitanda ulikuwa umelowa, shuka na mto, jasho tupu, hata msimu wa baridi wa kusi ambapo mimi nililala nimejikunja kwa ubaridi. Jioni alikuwa na joto la mwili, akijisingizia jua. Wali aliupenda, lakini alianza kuuzungusha kwenye sahani na kunisukumia mimi. Fundi wa nguo ya harusi alimpima, akamshonea, na alipokwenda kuijaribu ilimpwaya ikabidi ipunguzwe; baada ya muda ikapwaya tena. Wanawake waliokuja kuitazama walimsifu. Walisema bibi harusi kajipunguza vizuri, kiuno kimekuwa kiuno. Mamdogo alitabasamu, pini mbili mdomoni.

Nilimwambia Bibi. Ilibidi, nilikuwa nimeshindwa. Nilimkuta anakuna nazi, nikamweleza yote ya shingo, nikamweleza kwamba nimetafuta kidonda kila mahali hakipo. Mbuzi ya kukunia ikanyamaza. Bibi alifumba macho, muda mrefu kidogo, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayegonga muhuri, "Mtoki huo." Akaendelea kukuna.

Lakini jioni ile ile alimwita Mamdogo, akamkalisha kwenye mkeka, akapasha chumvi. Akaanza kumkanda. Alimkanda siku hiyo, na iliyofuata, na zilizofuata. Vivimbe havikunywea. Ikatokea mimi siku moja nikaona mkwaruzo kwenye sikio la Mamdogo, pale herini inapoingia, mkwaruzo mwembamba kama uzi. Nilikimbia kumwambia Bibi, nikitweta, nikijua nimeshinda. Na Bibi alifurahi. Alifurahi kuliko nilivyotarajia. Alisimama upesi mpaka ungo ukaanguka, akalishika lile sikio, akaliangalia kwenye mwanga, akasema, "Si ndicho hiki? Si ndicho hiki chenyewe?" Akalipaka dawa ya kidonda mara tatu kwa siku kana kwamba amekatwa na panga. Mkwaruzo ukapona kesho yake. Vivimbe vikawa vinne.

Wiki ya harusi ikafika. Akaja somo, Bi Mwanaidi, ambaye kazi yake kwa desturi yetu ni kumfunza bibi harusi na kumsinga mwili mzima kwa singo ili ngozi iwe laini na inukie. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye maneno ya kuchekesha ambayo mimi nilitakiwa nisiyasikie, kwa hiyo nilijibanza karibu na mlango. Chumba kilikuwa kimejaa harufu ile ya liwa na karafuu. Alianza na miguu, akapanda, akafika mabegani, huku anaimba na kutania. Alipofika shingoni akanyamaza. Vidole vyake vyenye umanjano wa singo vikazunguka, vikarudi, vikaenda upande wa pili, vikarudi tena. Kisha akajifuta mikono kwenye kanga na kuita uani.

Bibi na Mama wakaingia. Bi Mwanaidi hakupaza sauti. Alisema kwamba yeye ameshasinga mabibi harusi wengi na hajawahi kukataa kumaliza kazi, lakini huyu hatammaliza mpaka aonwe na daktari.

"Mtoki huo," Bibi akasema.

"Haya, mtoki," Bi Mwanaidi akajibu. "Daktari na autazame huo mtoki. Harusi inangoja. Shingo haingoji."

Mamdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda, nusu ya mwili wa manjano, nusu wa rangi yake. Hakulia. Alimtazama Bibi tu, anasubiri aseme kitu cha kuwafukuza wote. Bibi hakusema. Ni Mama aliyesema, Mama ambaye kwa kawaida hakumpinga mama yake hata juu ya kiasi cha chumvi. Alimwambia Mamdogo aoge, avae, wanakwenda hospitali sasa hivi. Mimi nikavaa viatu kabla sijaambiwa. Nilikataa kuachwa, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kubishana nami.

Hospitali tulikaa kwenye benchi mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Daktari alikuwa mwanamke kijana, sauti yake ya upole, na mikono baridi; najua kwa sababu baadaye alinigusa na mimi. Alimpapasa Mamdogo shingo pande zote, juu ya mtulinga, kwapani, kinenani. Maswali yake yalinitia homa, maana yote niliyajua majibu. Vimeanza lini? Vinauma? Unapata homa za jioni? Unatoka jasho usiku mpaka nguo zinalowa? Umepungua mwili? Unakohoa? Mamdogo alijibu kila moja kwa sauti ndogo, "Kidogo." Nikashindwa kuvumilia. Nikasema shuka hulowa kila siku, na wali hali, na nguo ya harusi imepunguzwa mara mbili. Mama akanifinya. Daktari akamwambia aniache.

Ndipo nikamwuliza lile swali langu. Nilimwambia Bibi anasema mtoki hauji bila kidonda, na mimi nimekitafuta sijakiona.

Hakunicheka. Alinieleza kama anavyoelezwa mtu mzima, na maneno yake nayakumbuka mpaka leo, ingawa mengine nimeyaelewa baadaye. Alisema Bibi yangu hakukosea, ila mitoki si ya aina moja. Mwili una tezi ndogo nyingi, shingoni, kwapani, kinenani, zinazochuja maradhi. Ukiwa na kidonda mguuni, tezi ya kinenani inavimba. Koo likiuma, jino likioza, sikio likitoa usaha, ukipata mafua makali, za shingoni zinavimba. Hizo huuma, ni laini, zinateleza chini ya kidole, na ugonjwa ukiisha nazo hunywea, wiki mbili tatu hivi. Lakini zipo ambazo hazinywei. Zinakaa, zinakua, zinakuwa ngumu, zinashikana, na haziumi, na kwa sababu haziumi watu wanazidharau. Zikija na homa, jasho la usiku na kukonda, au zikitokea hapa juu ya mtulinga, mtu asingoje zikomae. Huenda ni kifua kikuu, huenda ni virusi, huenda ni saratani. Kwa kutazama tu huwezi kujua, lazima vipimo.

"Kwa hiyo kidonda kipo," akaniambia. "Kipo ndani. Ndiyo maana hukukiona."

Alivuta majimaji kidogo kwenye kile kivimbe kikubwa kwa sindano nyembamba. Walimchukua damu pia, wakampiga picha ya kifua, wakamfanyia na vipimo vingine alivyoulizwa mwenyewe faraghani kama anaridhia. Akaambiwa arudi kusikia majibu.

Siku zile za kungoja sitaki kuzikumbuka, nazikumbuka zote. Harusi ilisogezwa, majirani wakaambiwa bibi harusi ana malaria. Mama alifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Bibi aliacha kuongea. Mamdogo aliikunja ile nguo ya harusi, akaikunjua, akaikunja. Na mimi nilijipapasa shingo. Nilijipapasa asubuhi, darasani, msalani, mpaka nikapata nilichokuwa nakitafuta: chini ya taya, kulia na kushoto, vipunje viwili kama choroko. Nikavibonyeza kutwa nzima, jioni vikauma, nikawa na hakika kwamba mimi na Mamdogo tutazikwa pamoja. Nilianza kugawa mali zangu. Kamba yangu ya kurukia nilimpa mtoto wa jirani, na baadaye kumdai ilikuwa kazi.

Majibu yalipotoka tuliambiwa ni kifua kikuu cha tezi. Mamdogo alishtuka. Akasema, "Mbona sikohoi?" Daktari akaeleza kwamba ugonjwa ule haukai mapafuni peke yake, unaweza kushika tezi, mifupa, hata tumbo, na picha ya kifua chake ilikuwa safi. Unatibika. Dawa atapewa bure, atameza kila siku kwa miezi sita, na asiache hata akijiona mzima. Mkojo utabadilika uwe wa rangi ya machungwa, asiogope, ni dawa. Kisha akataka sote wa nyumbani tuchunguzwe, na zamu yangu ilipofika nikamwonyesha choroko zangu, nikimtazama kwa macho ya mtu anayeaga dunia. Akazigusa, akatabasamu. Akasema watoto wengi wanazo, laini, ndogo, hazina ubaya, na zingeacha kuuma kama ningeacha kuzibonyeza.

Nyumbani Mama alikuwa amekwisha kutenga kikombe cha Mamdogo peke yake. Alituambia alivyoambiwa, kwamba ule wa tezi hauambukizwi kwa kikombe, lakini mkono wake ulisita kukirudisha kabatini. Bibi alikichukua, akamimina chai, akanywa yeye.

Shaabani alikuja kutoka Pangani Ijumaa moja. Hakuingia ndani, alikaa barazani na Mama, akampa Bibi shikamoo yake, akanipa mimi mfuko wa ufuta. Mama hakumficha kitu. Shaabani alisikiliza akitazama viatu vyake, kisha akauliza, "Atapona?" Mama akamwambia atapona, akimeza dawa zote. Halafu akasema basi yeye atakuwa anabipu kila asubuhi saa ya dawa, ili Rukia ajue kwamba yupo.

Kwa ninyi msiokumbuka, simu zilikuwa bado chache na vocha ilikuwa shida, kwa hiyo watu wa enzi hizo walibipu: unapiga, inaita mara moja, unakata, na yule wa pili anajua. Simu ya Mama ilikaa dirishani, mahali ambapo mtandao ulipatikana. Kila asubuhi iliita mara moja ikanyamaza, na Mamdogo, aliyekuwa ameshika gilasi ya maji anangoja, alimeza. Hakuwahi kumeza kabla ya mlio. Nilipenda sana asubuhi zile. Homa ikaondoka, shuka zikakauka, akaanza kuninyang'anya wali wangu. Vivimbe vikaanza kupungua, kimoja baada ya kingine, na sauti ya kuimba ikarudi.

Kisha asubuhi moja simu haikuita.

Mamdogo alishika gilasi mpaka jua likafika katikati ya ua, ndipo akameza. Mama alimwambia labda betri. Kesho yake haikuita. Mama akapiga, haikupatikana. Baada ya siku kadhaa akaja shangazi yake Shaabani, akaketi na Bibi chumbani, akatoka hakuaga vizuri. Wazee wa kule walikuwa wamekaa, wakaona mambo yaishe kwa heri. Walikuwa wamesikia kifua kikuu, na wakajazia wenyewe yaliyobaki.

Mamdogo hakumeza dawa siku hiyo. Wala iliyofuata. Mama alimbembeleza, akamfokea, akalia. Mimi nilizunguka ua kama kuku aliyekatwa kichwa, naingia chumbani, natoka, naleta maji ambayo hayakunywewa. Mamdogo alilala ameelekea ukutani, shingo yake wazi, karibu laini, na alipozungumza alizungumza na ukuta.

"Nimepona," alisema. "Na hata kama sijapona, nammezea nani?"

Bibi aliingia. Nakumbuka aliingia akiwa hana ushungi, nywele zake nyeupe zote nje, jambo ambalo hakulifanya hata mbele yetu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaweka mikono yake mikubwa mapajani, akaitazama hiyo mikono wakati wote aliokuwa anasema.

Alisema alikuwa na dada, Mwanahawa, ambaye sisi hatukuwahi kulisikia jina lake katika nyumba ile. Alikuwa mzuri, amechumbiwa. Akatokwa na mitoki shingoni, haiumi. Akatoka jasho, akakonda, watu wakamsifu. "Mimi ndiye niliyekuwa namkanda," Bibi alisema. "Kwa mikono hii. Wakisema mtoki, nami nasema mtoki. Ikapasuka, ikatoa usaha, ikaziba, ikapasuka. Tulimzika na ile nguo haijavaliwa."

Akaendelea kwa sauti ndogo zaidi.

"Ulipokaa kwenye mkeka ule nikakushika shingo, nilijua. Vidole vilijua. Sasa mwanangu, umeuliza unammezea nani. Nimezee mimi."

Mamdogo hakugeuka upesi. Alikaa hivyo hivyo, mgongo wake ukipanda na kushuka. Kisha mkono wake ukaja nyuma, umefunguliwa, na Bibi akaweka vidonge juu yake. Maji niliyaleta mimi, nusu yakamwagika njiani.

Siku ile ile Mama alimrudisha kwa daktari aeleze siku alizoziruka. Alifokewa, akashauriwa, akaendelea, akamaliza. Kimoja cha vile vivimbe hakikuisha kabisa, kimebaki kama punje ya kunde, na daktari alisema kinaweza kukaa hivyo maisha yote bila madhara, ila kikianza kukua arudi. Hakijakua. Mamdogo anaishi Chumbageni sasa, ana watoto wanne na mume fundi seremala, ambaye siku ya kwanza kabisa ya mazungumzo yao Mamdogo mwenyewe alimfungulia ushungi, akamwonyesha shingo na kumwambia ilikuwa nini. Yeye aliuliza tu kama bado inauma. Shaabani sikumwona tena. Kwa miaka nilimchukia, kisha nikawa mtu mzima, nikajua shida ya kijana mmoja mbele ya ukoo mzima, na siku hizi nakumbuka zaidi zile asubuhi alizobipu. Zilimvusha Mamdogo nusu ya dawa.

Ila aliyenisumbua mpaka juzi ni Bibi. Yale maneno yake kwamba vidole vilijua sikuyapima utotoni, na kwa muda mrefu niliamini kwamba Bibi yangu hakujua, kwamba alikosea kama watu wa zamani wanavyokosea, na elimu ya hospitali ikaja kumrekebisha. Nilikwisha kuwa mama mwenyewe ndipo nikarudi kwenye yale macho yaliyofumbwa juu ya mbuzi ya nazi, na ile furaha ya kupita kiasi kwa mkwaruzo wa sikio, nikaona kwamba Bibi alikuwa anajua kabla yetu sote. Alikuwa anaomba. Kila aliposema mtoki alikuwa anamsihi Mungu uwe mtoki.

Bado yu hai, mzee sana, haoni vizuri. Mwaka jana mwanangu alivimba tezi za shingo baada ya koo kuuma, nikampeleka zahanati, zikanywea kama tulivyoambiwa. Nilipokwenda kumsalimu Bibi nikamsimulia, halafu nikapata ujasiri wa kumuuliza kwa nini alinyamaza miezi yote ile, na hali alijua.

Alikuwa ameshika mkono wangu, anaupapasa kama anayesoma.

"Nilidhani nikilitaja," akasema, "litakuwa kweli."

Tulikaa. Kuku walipita mbele yetu. Nikadhani amesinzia, lakini akanibana mkono.

"Na yule mtoto," akasema, "shingo umeitazama?"

Nikamwambia nimeitazama, Bibi, imenywea, daktari ameiona.

"Itazame tena," akasema.